Fundi wa ngazi na mitaa minne asiyoruhusiwa kukanyaga

Ni asubuhi ya Jumanne, mwezi wa kumi, na pikapu nyeupe iliyosheheni mifuko ya chokaa na mchanga inateremka kuelekea kusini mwa Philadelphia. Inafika kwenye taa ambapo kila dereva mwenye haraka angenyoosha mbele. Bi. Dot Kowalczyk, mwenye pikapu na mwenye kampuni, anakata kushoto na kuanza mzunguko mrefu.

"Petroli yangu yote inaishia kwenye hii kona," analalamika. "Ipo siku nitakudai, Gaskins."

"Nidai, bosi. Changanya na zile simenti unazosema namwaga."

"Unamwaga kweli!"

Lavon Gaskins, mwenye umri wa miaka 54, anacheka, lakini hageuzi shingo. Upande ule ambao pikapu imeukwepa ndiko iliko nyumba aliyolelewa. Ndani ya nyumba hiyo, wakati huu pikapu inapozunguka, yuko mama yake mzazi, Bi. Odessa, mwenye miaka 86, amekaa kwenye kiti karibu na dirisha.

Lavon haruhusiwi kukanyaga mitaa minne inayoizunguka nyumba hiyo. Haruhusiwi kwa miguu, wala kwa gari, wala kwa bahati mbaya. Akionekana huko, anaweza kurudishwa gerezani, na kifungo chake ni cha maisha.

Kazini, akishashika tindo na nyundo, ni mtu mwingine. Leo wanakarabati ukuta wa mbele wa nyumba ya matofali iliyojengwa kabla ya babu zao kuzaliwa. Lavon anang'oa udongo wa zamani katikati ya matofali, taratibu, asilijeruhi hata moja, kisha anapuliza vumbi na kulowesha viungo kwa maji kabla ya kujaza chokaa mpya.

"Unalitengeneza hilo tofali au unalichumbia?" Bi. Dot anamuuliza kutoka chini.

"Haya mambo hayataki pupa, bosi."

"Mwenye nyumba anataka pupa!"

Bi. Dot ni mjane wa mtaa wa Wapolandi, aliyeachiwa kampuni na marehemu mumewe. Alimwajiri Lavon miaka saba iliyopita, wiki chache baada ya kutoka gerezani, alikojifunza uashi kwa mzee mmoja mfungwa mwenzake. Leo anamlipa dola 26 kwa saa, na wateja wengine huomba kwa jina: mleteeni yule fundi wa ngazi.

Maana ngazi ndizo zilizompa sifa. Nyumba za mji huu zimeshikana kuta, na kila mlango una ngazi zake tatu nne za marumaru zinazoshuka hadi kando ya barabara. Jioni za kiangazi watu hukaa hapo, hula hapo, hugombana na kupatana hapo. Ngazi zikititia au kupasuka, nyumba inakuwa kama mtu asiye na mdomo.

Lavon amezisimamisha ngazi za watu katika kila pembe ya mji. Pale kwao amepewa siku moja tu.

*

Alikuwa na miaka 16 mwezi wa Novemba 1987. Kijana mmoja wa mtaani, aliyemzidi miaka minane, alimpa bastola na kumwambia kazi ni nyepesi: kumsubiri mpelekaji wa piza kwenye kona yenye giza, kumnyang'anya pesa, basi.

Mpelekaji wa piza aliyekuja alikuwa Curtis Pettway, mwenye miaka 19, mtoto wa nyumba ya tatu kutoka kwao. Lavon alimpiga risasi moja. Curtis alifariki kabla hajafikishwa hospitali.

"Watu wakiniuliza, huwa wananitafutia mlango wa kutokea," Lavon anasema. "Wananiambia, ulikuwa mtoto, ulitumwa. Ni kweli, nilikuwa mtoto. Lakini kidole kilikuwa changu. Curtis naye alikuwa mtoto wa mtu."

Yule mkubwa alitoa ushahidi dhidi yake, akafungwa miaka kumi na miwili, akatoka. Lavon alihukumiwa kifungo cha maisha bila nafasi ya parole, yaani kuachiwa kabla ya muda chini ya uangalizi. Wakati huo sheria haikumwachia jaji uchaguzi; hakuruhusiwa hata kuzingatia umri wa mshtakiwa.

Philadelphia iliwafunga watoto wengi kwa namna hii, mamia, kuliko mji wowote. Waliingia na sauti ambazo hazijakomaa, wakaota mvi humo humo.

Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya nchi iliamua kwamba mtoto hawezi kupewa adhabu hiyo moja kwa moja bila kutazamwa utoto wake. Mwaka 2016 ikaamua kwamba uamuzi huo unawahusu hata waliofungwa zamani. Kesi zikaanza kusikilizwa upya. Lavon alipewa adhabu mpya: miaka thelathini hadi maisha. Thelathini alikuwa amekwisha kuimaliza. Bodi ya parole ikamwachia mwaka 2018.

Lakini neno "maisha" halikufutwa. Atakuwa chini ya ofisa wa parole mpaka siku atakayozikwa. Ili aende jimbo jingine, hata kwa mazishi, lazima aombe. Na kulikuwa na sharti moja lililoombwa na familia ya marehemu: asiwasemeshe, asiwaandikie, asionekane katika mitaa minne inayoizunguka nyumba yao.

Nyumba yao ni ile ile. Wazazi wa Curtis wamekwishafariki, na sasa anaishi humo dada yake, Renita Pettway, mwenye miaka 50, mpishi katika shule ya msingi. Nyumba ya Odessa Gaskins ni ya tatu kutoka hapo, kama zamani.

"Ofisa alinisomea lile sharti nikatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo," Lavon anakumbuka. "Ningetia sahihi chochote ili nitoke. Nilipofika nje ndipo nikaelewa. Nimefunguliwa mlango mmoja, nao si wa kwetu."

*

Miaka ya mwanzo walipata njia. Kila Jumapili mpwa wa Bi. Odessa alimchukua kwa gari, akampeleka katika kanisa la upande mwingine wa mji, na Lavon akamkuta huko. Baada ya ibada walikula pamoja kwenye mgahawa. Mama alikuwa haachi kukiponda chakula cha watu.

"Haya maharage yamechemshwa na mtu mwenye hasira," alikuwa akisema kwa sauti, mhudumu akisikia.

"Mama, shusha sauti."

"Nishushe nini? Ungekuwa nyumbani ungekula maharage."

Hilo ndilo lililomuuma. Ungekuwa nyumbani. Alikuwa amemwambia hivyo miaka yote gerezani, kwenye chumba cha wageni, na sasa mwanawe yuko nje bado anamwambia hivyo hivyo.

Lavon alimsihi ahame, waishi wote. Mama alikataa katakata. "Nilikuahidi nitakungojea kwenye nyumba ile," alimwambia. "Baba yako alifia mle akikungojea. Sasa nikungojee kwenye kigorofa cha kupanga? Mimi siondoki. Wewe ndiye utakuja."

Kisha miguu ikaanza kumgomea. Wakati huo huo ngazi za mbele ya nyumba zikaanza kutitia upande mmoja, na jiwe la juu likapasuka. Mafundi wawili walikuja, wakatazama, hawakurudi. Jumapili zikaanza kurukwa. Walibaki na simu.

Mwaka huu, mwezi wa Februari, siku ya kuzaliwa ya Lavon, Bi. Odessa aliamua kwenda. Usiku uliotangulia palianguka mvua ya barafu. Hakumsubiri mpwa wake amshike mkono. Alifungua mlango akiwa amevaa kofia yake ya kanisani, amebeba keki ya viazi vitamu ndani ya kitambaa, akakanyaga lile jiwe lililopasuka.

Aliyemkuta chini alikuwa Renita Pettway.

Kwa miaka yote hiyo wanawake hawa wawili walikuwa wakisalimiana kwa kuinua kidevu tu, na siku nyingine hata hilo hawakufanya. Asubuhi hiyo Renita alipiga magoti kwenye barafu, akavua koti lake akamfunika, akapiga simu kuita gari la wagonjwa, akabaki amemshika kichwa.

"Alikuwa anatetemeka, anasema, nakwenda kumwona mtoto wangu, keki imeharibika, nakwenda kumwona mtoto wangu," Renita anasimulia. "Mimi nilikuwa na jibu. Lilikuwa hapa kwenye ulimi. Nilitaka kumwambia, na mama yangu mimi alikwenda kumwona wa kwake wapi? Sikusema. Alikuwa bibi kizee amelala kwenye barafu. Nikamwambia tu, nyamaza, Bi. Odessa, wanakuja."

Nyonga ilikuwa imevunjika. Akalazwa majuma matano, kwanza hospitali, kisha kwenye kituo cha kufundishwa kutembea upya. Sehemu zote mbili zilikuwa nje ya ile mitaa minne.

Lavon alikuwa akitoka kazini na chokaa kwenye nyusi, anakwenda moja kwa moja. Alimlisha. Alimchana nywele, vibaya, mpaka wauguzi wakamcheka. Alijifunza kumgeuza kitandani bila kumuumiza. Jioni walitazama pamoja mashindano ya maswali kwenye televisheni, mama akijibu kabla ya washiriki, akikosea, akibisha.

"Naona haya kulisema hili," anasema, akifuta mwiko kwenye suruali ingawa ni safi. "Mama yangu alikuwa na maumivu makali. Lakini tangu nilipokuwa na miaka kumi na sita, zile ndizo wiki nilizokuwa na mama. Madaktari waliposema amepona vya kutosha, arudi nyumbani, mpwa wake alipiga makofi. Mimi nilikwenda chooni nikalia."

Akarudishwa nyumbani kwa kubebwa na watu wawili, akapitishwa mlango wa nyuma. Kitanda chake kikawekwa sebuleni. Na mwanawe akabaki ng'ambo ya mpaka.

*

Mwezi wa Aprili ofisa wa parole alimwita Lavon. Kwa mtu wa parole, kuitwa si habari njema.

Ofisa alimwambia Bi. Pettway amepiga simu. Ameuliza kama ni kweli mtoto wa Gaskins ni fundi wa ngazi. Amesema zile ngazi zitaua mtu. Ameruhusu aje azitengeneze, Jumamosi moja, mchana, pamoja na mwajiri wake. Yeye Renita siku hiyo atakwenda kwa binti yake, asimwone.

"Nilimwambia ofisa arudie," Lavon anasema. "Akarudia. Nikamwomba arudie tena. Akaniambia, Gaskins, nina watu wengine nje."

Renita anataka jambo moja lieleweke. Anasema hayo akiwa amesimama jikoni kwake, amekunja mikono. "Sijamsamehe. Andika hivyo hivyo. Msinitie maneno ya kanisani mdomoni. Nilichoka kuipita ile ngazi iliyovunjika kila asubuhi nikikumbuka yule mama alivyoanguka. Ni hilo tu."

Jumamosi hiyo ya mwezi wa tano, Bi. Dot aliinyoosha pikapu kwenye zile taa kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyetania. Walipokata kona kuingia mtaani, Lavon aliinamisha uso kwenye magoti.

"Inua kichwa," Bi. Dot alimwambia. "Umeruhusiwa kutazama."

Mti uliokuwa mbele ya nyumba haukuwepo. Duka la kona lilikuwa limezibwa kwa mbao. Ila dirishani, nyuma ya pazia lililofunguliwa lote, alikuwepo mama yake, amevaa ile kofia ya kanisani, anapunga mikono yote miwili.

"Umechelewa!" alipiga kelele kupitia kioo.

Lavon alianza kazi. Alivunja zege la zamani, akachimba hadi kwenye udongo mgumu, akamwaga msingi mpya, akayapandisha mawe moja baada ya jingine, akilaza pima maji juu ya kila moja. Lile lililopasuka aliliondoa, akaweka jingine alilolikata mwenyewe wiki nzima baada ya saa za kazi. Majirani walitoka kutazama. Baadhi walimjua. Mzee mmoja alimwita kwa jina la utotoni, akaingia ndani haraka akijifuta macho.

Kazi ilipofika nusu, mlango wa nyumba ya tatu ulifunguka. Renita hakuwa amekwenda kwa binti yake.

Alikaa kwenye ngazi za kwao, akatazama. Lavon alimwona kwa pembe ya jicho. Akauweka mwiko chini, akarudi nyuma hadi kwenye pikapu, akasimama amezipa nyumba mgongo.

"Bosi, tuondoke," alinong'ona. "Hii ni kurudi ndani, bosi. Tuondoke."

Renita aliinuka akaja. Akasimama mbali kidogo, upande wa pili wa rundo la mchanga.

"Geuka," alisema.

"Bi. Pettway, siruhusiwi kukusemesha."

"Najua huruhusiwi. Mimi ndiye niliyekukataza. Sasa mimi ndiye ninayekusemesha, na huyu mama ni shahidi."

Bi. Dot aliitikia kwa kichwa. Lavon akageuka, macho chini.

"Mahakamani ulisema kaka yangu hakusema kitu," Renita alisema. "Mara zote mbili. Curtis ninayemjua mimi alikuwa hanyamazi hata usingizini. Mama yangu amekufa akiuliza mwanawe alisema nini. Nataka unijibu."

Wakili wa zamani wa Lavon ndiye aliyemfundisha kujibu vile, maana ukweli ungemfanya aonekane aliua ili asijulikane. Baadaye uongo ule ukawa mzito zaidi kuuondoa kuliko kuubeba.

"Alinitambua," alisema mwishowe. "Nilikuwa nimejifunika uso, lakini alinitambua. Hakuogopa. Akasema, 'Lavon, ni wewe? Mama yako anajua uko hapa?' Akanyoosha mkono aichukue bastola, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Akasema, 'Lete hapa, twende nyumbani.' Ndipo nikafyatua."

Renita alishika mdomo. Kisha akatoa sauti ambayo Bi. Dot anasema hakujua kama ni kilio au kicheko.

"Ndiye yeye," alisema. "Ndiye yeye huyo. Lete hapa, twende nyumbani. Ndivyo alivyokuwa akiniambia hata mimi nikifanya ujinga."

Akamwambia, "Maliza ngazi za mama yako," akarudi kwake, akafunga mlango.

Jumatatu yake Renita mwenyewe aliipigia simu ofisi ya parole kueleza kilichotokea, ili Lavon asije akaletewa matatizo kwa maneno ya majirani. Ofisa alimwonya Lavon kwa mdomo, kwamba siku nyingine apige simu kwanza kabla ya kujibu. Lavon alimuuliza angepigaje simu katika hali ile. Ofisa akakiri kwamba hajui.

*

Kabla ya kuondoka siku ile, kulikuwa na tatizo la kiufundi. Zege bichi halikanyagwi. Lavon alikuwa amezijenga ngazi za mlango wa kwao na hakuweza kuzipanda.

"Pita nyuma, mjinga wewe," mama yake alimwambia kutoka dirishani. "Ulikuwa ukipita nyuma kila ulipochelewa kurudi."

Akazunguka uchochoroni, akasukuma mlango wa jikoni, akaingia. Miaka thelathini na saba ilikuwa imepita tangu atoke humo. Mama alikuwa amejikokota na kigari chake cha kutembelea hadi mlangoni mwa jikoni.

"Viatu!" alifoka. "Unaniingizia matope."

Lavon akavua viatu. Akakaa kwenye kiti alichokuwa akikaa utotoni, akaletewa maharage na mkate wa mahindi, akala huku mama amemshika bega kama mtu anayeogopa kiti kitaondoka. Bi. Dot alikaa kwenye pikapu na injini imezimwa, akasubiri mpaka muda ulioruhusiwa ukamalizika, na kidogo zaidi.

Tangu siku hiyo Lavon hajarudi huko. Mama sasa huteremka ngazi akishikwa mkono, na Jumapili nyingine hufika kanisani. Siku nyingine hawezi. Usiku anasahau mambo. Hivi karibuni alimpigia Lavon akimuuliza mbona hajarudi kutoka shule.

Wakili wa kujitolea amewasilisha ombi la kuondolewa lile sharti la mitaa minne. Litasikilizwa mwanzoni mwa masika, na jambo la kwanza litakaloulizwa ni maoni ya Renita Pettway.

Renita hataki kuahidi. "Nikiulizwa nitasema kilichomo moyoni siku hiyo," anasema. "Kuna asubuhi naamka nasema, aje, yule mama amezeeka. Kuna asubuhi naamka namkumbuka Curtis, nasema hapana. Sijui nitaamka na ipi."

Lavon naye anasema hatamlaumu kwa lolote kati ya hayo.

Jua limeanza kushuka upande wa mto, na ukuta wa nyumba ya kusini umekamilika. Bi. Dot anafunga vifaa, anapiga honi. Lavon anasuuza mwiko kwenye ndoo, anaulizwa kama ombi likikubaliwa atafanya nini siku ya kwanza.

Anaukung'uta mwiko maji.

"Sitafanya kitu," anasema. "Nitamrudishia kitanda chake juu, chumbani kwake, maana hapendi kulala sebuleni kama mgeni. Mimi nitakaa chini. Halafu nitasubiri aniite. Nataka aniite tu kutoka juu, kwa jambo la upuuzi, maji, blanketi, chochote. Na mimi niitike, 'Naam, Mama,' halafu nipande."